Mimba Isiyotajwa: Ishara katika Hadithi za Wapenzi Wawili, kutoka Bonde la Ebro hadi Unguja

Ishara, au taashira kama wahakiki wengine wanavyoiita, ni kitu kinachoonekana ndani ya hadithi, kiwe mlango, kilima, nguo au mzigo, ambacho pamoja na kubaki kitu hichohicho hubeba maana nyingine isiyosemwa waziwazi. Hutofautiana na sitiari kwa kuwa sitiari husema kwamba jambo moja ni jingine na ikaishia hapo, ilhali ishara huachwa ndani ya masimulizi, ikarudi mara ya pili na ya tatu, mpaka msomaji mwenyewe aanze kuitilia shaka. Katika hadithi zinazohusu mwanamume na mwanamke waliofikwa na mimba wasiyoitarajia, ishara hufanya kazi nzito zaidi kuliko kwingine, kwa sababu jambo lenyewe ni miongoni mwa mambo ambayo jamii nyingi, na ya Unguja ikiwa mojawapo, hazipendi kuyaita kwa jina lake, na palipo na jina lisilotamkika ndipo vitu vilivyo kimya huanza kusema.

Msomaji wa Unguja huingia katika hadithi za namna hii akiwa na matayarisho ambayo wasomaji wa kwingine huyapata darasani tu. Mwanamke wa Mji Mkongwe au wa Ng'ambo anaponunua kanga hutazama kwanza jina lake, yaani maneno yaliyochapwa karibu na pindo, kwa kuwa anajua kwamba siku atakapojifunga kanga hiyo na kupita mbele ya nyumba ya jirani, jirani atayasoma na ujumbe utakuwa umefika bila ya mtu kufungua kinywa na bila ya mtu kuweza kushitakiwa kwamba amesema. Katika unyago, ambamo mwari hufundishwa na somo wake mambo ya mwili, ya ndoa na ya uzazi, mafunzo hutolewa kwa nyimbo za mafumbo, kwa ngoma na kwa vitendo vya kuigiza; na miongoni mwa waliosifika kwa kazi hiyo ni Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kote kwa jina la Bi Kidude, ambaye hadi alipofariki mwezi wa Aprili 2013 alikuwa akitajwa kwa ngoma ya unyago sawa na kwa taarabu. Kwa watu waliolelewa katika utaratibu huo, kusema kwa kuficha ni adabu yenye kanuni zake, na kila mmoja anajua nani ana haki ya kumfumbia nani.

Hata nyumba zenyewe husema. Milango ya Mji Mkongwe, iliyochongwa kwa miti migumu na kupambwa kwa njumu za shaba, ina nakshi ambazo kwa kawaida huelezwa kwamba kila moja ina maana yake: mnyororo unaozunguka fremu ni ulinzi, mtende ni neema na wingi wa mali, samaki na yungiyungi ni uzazi. Inafaa kutafakari jambo hili kwa makini, maana linaonyesha kwamba watu wa mji huo hawakuwahi kuuonea haya uzazi wenyewe, bali waliuchonga mbele ya nyumba, kwenye njia ya wapita njia na wanaoketi barazani. Uzazi uliochongwa pale, hata hivyo, ni uzazi wa ndani ya ndoa, wenye ukoo, jina na urithi. Mimba ya msichana asiye na mume haikuwa na nakshi yake. Ilikuwa ni habari ya uani, ya kunong'onezwa, na kama ililazimika kutoka nje ilitoka kwa mlango mwingine. Tofauti hiyo kati ya uzazi unaotangazwa na mimba inayofichwa ndiyo ambayo waandishi wa hadithi wameichimba zaidi.

Mfano wa hadithi ya aina hii unaosomwa sana vyuoni ni wa Mmarekani Ernest Hemingway, "Hills Like White Elephants", hadithi fupi iliyotoka mwaka 1927, ambayo jina lake linafananisha vilima na ndovu weupe. Mwanamume Mmarekani na msichana anayeitwa Jig wameketi kwenye meza nje ya baa ya stesheni ya reli katika bonde la Mto Ebro, nchini Hispania, wakisubiri treni ya haraka itokayo Barcelona, ambayo itafika baada ya dakika arubaini, isimame kwa dakika mbili, kisha iendelee na safari ya Madrid. Wanakunywa, wanazungumza, wanakaribia kugombana, na hadithi inakwisha kabla ya treni kufika. Mwanamume anamtaka msichana akubali kufanyiwa kitu anachokiita operesheni, ambacho kwa maelezo yake ni chepesi mno. Msichana hataki, au hajui kama anataka. Maneno "mimba" na "kutoa mimba" hayamo katika hadithi hiyo hata mara moja, na msomaji wa mara ya kwanza anaweza kuimaliza bila ya kujua walikuwa wakizungumzia nini.

Hemingway alikuwa na maelezo yake juu ya uandishi wa namna hiyo, aliyoyatoa katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu michezo ya ng'ombe ya Hispania: alisema kwamba heshima ya mwendo wa jabali la barafu linaloelea baharini inatokana na kuwa sehemu moja tu kati ya nane ndiyo iliyo juu ya maji, na kwamba mwandishi anayelijua jambo lake vizuri anaweza kuliacha chini ya maji na msomaji bado akahisi uzito wake. Kinachobaki juu ya maji katika hadithi hii ni vitu vichache tu: vilima, stesheni, pazia la shanga, mabegi mawili na vinywaji.

Stesheni yenyewe iko kati ya njia mbili za reli, na bonde lina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja hakuna mti wala kivuli, ardhi imekauka, na mbali kuna vilima virefu vyeupe juani. Upande wa pili kuna mashamba ya nafaka, miti kandokando ya mto, na kivuli cha wingu kinachopita juu ya mashamba hayo. Msichana anainuka, anatembea hadi mwisho wa stesheni, na kuutazama upande wa pili, halafu anasema maneno yenye maana kwamba vyote hivyo vingeweza kuwa vyao na kwamba kila siku wanazidi kuvifanya visiwezekane. Si lazima msomaji awe mhakiki ili aone kwamba ukavu na rutuba vimewekwa pale kwa kusudi; lakini inafaa kuona pia kwamba mwanamume hatazami upande ule mpaka msichana awe ameshakwenda, na kwamba hata hapo anachokifanya ni kumwita arudi kivulini.

Ama ndovu weupe, husimuliwa kwamba wafalme wa Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, walikuwa wakiwapa baadhi ya watu zawadi ya ndovu wa aina hiyo, mnyama mtukufu asiyeweza kufanyishwa kazi wala kuchinjwa, ambaye gharama za kumlisha zilimfilisi aliyepewa. Kutokana na kisa hicho, ndovu mweupe akawa ni jina la kitu chenye thamani kubwa kisichotakiwa na aliyenacho. Mtoto aliye tumboni mwa Jig ni kitu hicho kwa mmoja wao, na kwa mwingine huenda ni kitu adimu kama ndovu mwenyewe. Ishara moja inabeba maana mbili zinazopingana, na wapenzi hao wawili wanatengana ndani ya ishara hiyo kabla hawajatengana kwa jambo jingine lolote.

Lakini sehemu iliyo nzito kuliko zote katika hadithi ni ile ambayo aghalabu hupitwa haraka. Msichana anaposema kwa mara ya kwanza kwamba vilima vinafanana na ndovu weupe, mwanamume anajibu kwamba yeye hajawahi kumwona mnyama huyo, na mzaha unafia hapo. Baadaye, wakati wa mashauriano, msichana anauliza kama akikubali operesheni mambo yatarudi kuwa mazuri, na kama atakaposema tena kwamba kitu fulani kinafanana na ndovu weupe, mwanamume atapenda. Anachokiulizia hapo ni idhini ya kusema kwa mifano na kusikilizwa. Amegundua kwamba mtu aliye naye hataki ishara, anataka jibu la ndiyo au la, na kwamba bei ya kurudishiwa haki ya kufumba ni kilicho tumboni mwake. Msomaji aliyezoea kanga na unyago ataliona jambo hili kwa uchungu zaidi kuliko mwingine, kwa sababu katika mila yake mwanamke ndiye mwenye lugha hiyo, na kumnyima asikilizwe anapoitumia ni kumvunjia heshima kubwa.

Pazia la shanga lililo kwenye mlango wa baa limeandikwa jina la kinywaji, Anis del Toro, na msichana anapotajiwa tena operesheni ananyoosha mkono na kushika nyuzi mbili za shanga hizo. Wako wanaoona hapo rozari ya Wakatoliki, na mtu wa Unguja hatakosa kukumbuka tasbihi. Mabegi nayo yamebandikwa karatasi za hoteli zote walizolala, maisha ya kuhama na kutokuwa na mahali, na mwishoni mwanamume anayabeba na kuyapeleka kwenye reli ya upande wa pili. Wasomaji hawajawahi kukubaliana kama kitendo hicho kinaonyesha kwamba amekubali mtoto azaliwe au kwamba anajitayarisha tu kwa treni ileile. Hapa inapasa kusema wazi kwamba tabia ya baadhi ya miongozo ya mitihani, ya kuorodhesha ishara upande mmoja na maana zake upande wa pili kana kwamba ni kamusi, inaiua hadithi ya namna hii, kwani Hemingway aliyaacha mabegi bila ya tafsiri ili msomaji abaki na wasiwasi uleule alionao msichana.

Katika fasihi ya Kiswahili ya Zanzibar, mimba ya namna hii mara nyingi huonekana kupitia kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Said Ahmed Mohamed, katika riwaya yake ya miaka ya 1970, "Asali Chungu", alimpa mtoto wa nje ya ndoa wa mtu tajiri jina la Dude, jina ambalo Mswahili hukipa kitu asichokijua wala asichotaka kukijua, na kwa jina hilo peke yake hukumu ya jamii imeshatolewa kabla mhusika hajafanya lolote. Kichwa cha riwaya ni ishara nyingine, kwani utamu wa watu wazima ndio uchungu wa mtoto.

Aliyelichukua suala hili la wapenzi wawili na mimba akalipeleka mbali zaidi ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake "Desertion" ya mwaka 2005, jina lenye maana ya kutelekeza na kutelekezwa, inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa, katika ukanda ambao kwa jina ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar na kwa vitendo ulikuwa mikononi mwa Waingereza. Hassanali, mwenye duka ambaye pia ni mwadhini, anatoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda msikitini, na katika giza anaona umbo likijikokota kumjia, akadhani ni kiumbe kisicho cha duniani. Kumbe ni Mwingereza, Martin Pearce, aliyetelekezwa na waliokuwa wakimwongoza safarini. Hassanali anampeleka nyumbani kwake, ambako yumo mkewe, Malika, na dada yake, Rehana.

Saa aliyotokea mgeni huyo haikuchaguliwa ovyo. Kwa watu wa pwani, wakati ulio kati ya usiku na adhana si wa usiku wala si wa mchana, na kinachojitokeza hapo hupokewa kwa hofu mpaka kijulikane. Pearce ni mtu mpole, anajua Kiarabu, na anarudi baadaye kuomba radhi kwa namna afisa wa serikali ya kikoloni alivyomtuhumu mwenyeji wake. Lakini ishara ya alfajiri imeshamtia doa, na msomaji anamngojea aondoke tangu siku aliyofika. Rehana naye alikwisha kuachwa mara moja kabla ya hapo na mume, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeitwa Azad, aliyesafiri na asirejee. Sasa anaingia katika mapenzi na Pearce, anahama kwenda Mombasa kuishi naye bila ya ndoa, anazaa naye binti anayeitwa Asmah, na Pearce anarudi kwao.

Katika hadithi ya Hemingway, kuondoka kunaletwa na treni. Katika pwani ya Afrika Mashariki kuondoka kulikuwa na pepo zake. Kaskazi, inayovuma tangu karibu na mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi hadi Unguja na Mombasa, na kusi, inayoanza Aprili, iliyarudisha. Kwa karne nyingi wanaume walikuja na upepo mmoja, wakaoa, wakafanya biashara, wakaondoka na upepo mwingine. Wengine walirudi na wengine hawakurudi, na wanawake wakabaki na watoto ambao kwa baba zao walijua majina tu. Gurnah hahitaji kulieleza jambo hili kwa urefu, kwani msomaji wa pwani analijua. Azad anaondoka kwa njia ya zamani, ile ya wafanyabiashara wa bahari, na Pearce anaondoka kwa njia mpya ya wakoloni, lakini kwa Rehana njia hizo mbili zina matokeo mamoja, na kwa kuziweka katika maisha ya mwanamke mmoja mwandishi anaonyesha kwamba ukoloni ulikuta desturi ya kutelekeza ikiwa tayari nchini na ukaiongezea fedheha ya rangi na ya dini.

Ishara kubwa ya riwaya hii, hata hivyo, ni pengo. Pale ambapo msomaji anatarajia kuonyeshwa jinsi mapenzi ya Rehana na Pearce yalivyoanza, masimulizi yanakatizwa, na msimulizi, ambaye ni Rashid, kijana wa Zanzibar aliyekwenda Uingereza kusoma, anakiri kwamba hajui lilivyotokea jambo hilo na kwamba anashindwa hata kulibuni. Hemingway aliliondoa neno moja. Gurnah ameondoa kisa kizima. Tena sababu zao hazifanani, kwa maana pengo la Hemingway ni ufundi wa mwandishi mmoja, ilhali pengo la Gurnah ni la jamii nzima iliyoamua kutolizungumza jambo hilo, kiasi kwamba baada ya miaka sitini hakuna aliyebaki anayeweza kulisimulia.

Kutozungumzwa hakukulifanya life. Sehemu ya pili ya riwaya imo katika Unguja ya miaka ya 1950, katika nyumba ya walimu wawili, watu wa elimu na wa fikra za kisasa kwa wakati wao, ambao mtoto wao, Amin, anampenda mwanamke aliyeachwa anayeitwa Jamila. Jamila ni mtoto wa Asmah. Wazazi wanapogundua, wanamlazimisha Amin aahidi kumwacha, na miongoni mwa sababu kubwa ni bibi yake Jamila, yule Rehana aliyeishi na Mzungu. Mimba ya mwanzoni mwa karne, ambayo hakuna aliyeitaja, imeamua ndoa za watu ambao walikuwa hawajazaliwa. Huenda hakuna mfano bora zaidi wa namna ishara inavyofanya kazi: Jamila mwenyewe hana kosa lolote katika habari ya Rehana, lakini anapopita njiani watu wanamsoma kama wanavyosoma kanga, na maneno wanayoyasoma si yeye aliyeyachagua.

Gurnah alikuwa ameligusa jambo la karibu na hili miaka tisa kabla, katika "Admiring Silence" ya mwaka 1996, ambamo mwanamume wa Zanzibar anaishi Uingereza na mwanamke Mwingereza na binti waliomzaa bila ya ndoa, na kwa miaka mingi haiandikii familia yake ya Unguja hata neno moja kuhusu mtoto huyo. Safari hii anayeficha ni baba, na hadithi haimsamehe.

Mambo haya hayakubaki vitabuni. Sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985 iliruhusu msichana asiyeolewa aliyepata mimba afungwe jela, na ni mwaka 2005, mwaka uleule ilipotoka "Desertion", ndipo Baraza la Wawakilishi lilipoibadilisha na kuweka adhabu ya kuitumikia jamii mahali pa kifungo. Hata pale sheria ya namna hiyo inapomtaja mwanamume, ushahidi wa kosa unaonekana katika mwili wa mmoja tu kati ya wawili, na kila mwezi unapopita unaonekana zaidi. Waandishi wanaochagua kulionyesha tumbo kwa njia ya vilima, mabegi na alfajiri wanamrudishia mwanamke kiasi fulani cha sitara ambayo sheria na mtaa vimemvua, na ndiyo maana njia hiyo inastahili kuthaminiwa hata na wale wanaopenda mambo yasemwe wazi.

Msomaji wa Unguja ana jambo jingine la kuliona, ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawana desturi ya kulianzia. Katika stesheni ya Ebro kuna mwanamke mmoja tu mwingine aliye karibu, naye ni mhudumu wa baa anayesema Kihispania, lugha ambayo Jig haielewi, hivyo kila neno baina ya wanawake hao wawili linapitia kwa mwanamume anayelitafsiri. Jig hana mama pale, hana somo, hana mkunga, hana shoga wa kumuuliza. Mimba yake inajadiliwa na mtu ambaye haijui hata kidogo. Katika nyumba za Unguja mimba huwa kwanza ni habari ya wanawake, hujulikana uani kabla ya barazani, na mzazi hulelewa kwa siku arubaini mikononi mwao. Rehana, alipokwenda Mombasa, aliiacha nyumba ya Malika na ua wake, na kwa kuuacha ua huo alipoteza watu pekee ambao wangeweza kuizungumza mimba yake naye kwa lugha ya mafumbo aliyoizoea tangu utotoni.